Wenye uwezo wa mikoani wananunua wapi, na kwa nini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilizaliwa Sumbawanga, mkoani Rukwa, naishi Dar es Salaam, na kwa miaka kumi na moja kazi yangu imekuwa kuwanunulia watu wa mikoani vitu Kariakoo na kwingineko mjini, kufunga mizigo na kuipandisha basi. Wateja wangu wengi ni watu wenye uwezo. Maswali haya ndiyo wanayoniuliza, wao, ndugu zao na vijana wanaotaka kuingia kwenye biashara hii. Nimeanza na ya msingi nikamalizia na magumu, na pale ambapo jibu limeshatolewa nimekuelekeza kwa namba ya swali.

## Ya msingi

1. "Mwenye uwezo" hapa ni nani hasa?

Simzungumzii bilionea. Namzungumzia mtu ambaye chakula, nyumba na ada za watoto vikishalipwa, bado anabaki na hela ya kuchagua. Mikoani huyo ni mwenye malori mawili matatu, daktari bingwa wa hospitali ya rufaa, mkandarasi wa barabara, mfanyabiashara wa mpunga mwenye ghala lake, mama mwenye nyumba ya wageni karibu na stendi. Dar anaweza asionekane tajiri, kwa sababu mtaa mzima uko hivyo. Kwao anajulikana mji mzima, na akibadilisha gari watu wanalijua kabla hajafika nyumbani.

2. Kama hela iko Sumbawanga, mbona inakwenda kutumika Dar?

Hili ndilo swali lenyewe. Mengine yote yanazaliwa hapa.

Duka halifuati mfuko wa mtu mmoja, linafuata wingi wa mifuko. Chukua jibini. Ili muuzaji wa mkoani aweke jibini, anahitaji friji inayokula umeme usiku na mchana, na anahitaji kipande kitoke kabla hakijaharibika. Mji mzima unaweza kuwa na familia kumi na tano zinazokula jibini, na kila moja inanunua kipande kimoja kwa mwezi. Hizo familia zinaweza kuwa na hela kuliko familia yoyote ya Mbezi Beach, lakini haziwezi kulisha duka. Kwa hiyo jibini haliwekwi, nazo zinaagiza au zinabeba zikipita Dar.

Mwaka 1933 mwanajiografia wa Kijerumani, Walter Christaller, aliyekuwa akiichunguza miji ya kusini mwa Ujerumani, aliliandika jambo hili kwa utaratibu: kila bidhaa ina idadi ya wateja ambayo chini yake muuzaji hawezi kuishi. Chumvi inauzika kijiji kizima, kwa hiyo iko kila kijiji. Miwani ya kupimwa inahitaji mji. Gauni la harusi la kuchagua kati ya mia linahitaji jiji. Hakuwaza Ufipa, nyanda zetu za Sumbawanga, lakini kila mwenye fremu ya duka Sumbawanga analijua jambo hilo kwa maneno yake: "Huo mzigo hapa utalala."

Mkoa wenye watu wengi wa kipato cha kati unafuga maduka ambayo tajiri naye anayatumia. Mkoa wenye matajiri wachache katikati ya watu wengi maskini haufugi. Tajiri wa mkoa wa namna hiyo anasafiri, anaagiza, au ananunua kile kile anachonunua kila mtu.

3. Tofauti kati ya mikoa ni kubwa kiasi gani?

Kubwa. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 uliweka kiwango cha umaskini Tanzania Bara kwenye asilimia 26.4. Dar es Salaam ilikuwa asilimia 8. Rukwa, kwetu, ilikuwa asilimia 45. Dar peke yake inatoa karibu asilimia 17 ya pato lote la taifa, na sensa ya 2022 ilihesabu humo watu milioni 5.38. Rukwa tulihesabiwa watu milioni 1.54, tumetawanyika kuanzia mwambao wa Ziwa Tanganyika hadi bonde la Ziwa Rukwa.

Namba hizi hazisemi kwamba Rukwa hakuna hela. Zinasema kwamba anayetafuta wateja mia tatu wa kununua viatu vya laki moja atawapata Dar kabla ya chakula cha mchana, na Sumbawanga atawatafuta mwaka mzima.

4. Tofauti hizi zilianza lini?

Kabla ya uhuru. Ukiangalia mikoa iliyopata reli, zao la biashara na shule za misheni mapema, ndiyo hiyo hiyo yenye maduka leo. Kilimanjaro walikuwa na kahawa, na chama chao cha ushirika, KNCU, kilianza mwaka 1933. Hela ya kahawa ikalipa ada, ada ikaleta ajira, ajira ikaleta mishahara. Kigoma na Ufipa zilitumika kama ghala la vibarua: babu zetu walisombwa kama manamba kwenda mashamba ya mkonge Tanga na Morogoro, wakarudi na blanketi na sufuria. Mkoa uliotoa watu haukubaki na kitu.

Baada ya uhuru kulikuwa na jitihada za kweli za kusawazisha. Serikali ilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, iwe umeyalima Kibaigwa au Nkasi, na kwa hilo Rukwa, Ruvuma, Mbeya na Iringa zikawa ghala la nchi. Kampuni za biashara za mikoa, RTC, nazo zilipeleka bidhaa kila mkoa, ingawa miaka ya mwanzo ya themanini rafu zilikuwa tupu. Biashara ilipolegezwa kuanzia 1984, bidhaa zilirudi, lakini zilirudi kwa kufuata wanunuzi, na bei moja ya mahindi ikafa. Mkoa wa mbali ukaanza kulipa umbali wake kwenye kila kitu: kwenye gunia linalotoka na kwenye boksi linaloingia.

## Wanakwenda wapi

5. Wenye uwezo wa Dar wenyewe wananunua wapi? Si ni Masaki tu?

Hapana, na ukidhani hivyo utakosa wateja.

Mji huu uligawanywa na wakoloni: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, Uswahilini kuanzia Kariakoo kwenda ndani. Mgawanyo ule bado unaonekana kwenye maduka. Supamaketi zenye mvinyo na jibini ziko Masaki, Msasani na Oysterbay. Mlimani City, iliyofunguliwa 2006 jirani na Chuo Kikuu, ndiyo iliyowavuta watu wa Mwenge, Sinza na Mbezi kuzoea kununua kila kitu chini ya paa moja.

Lakini tajiri wa Dar ana bahati ambayo wa mkoani hana: anachanganya. Sabuni na maziwa ya watoto ananunua supamaketi. Samaki anamtuma dereva Feri alfajiri, au anakwenda mwenyewe na ndoo. Mboga anachukua Kisutu, au kwa akina mama wa Namanga pale Msasani ambao wanajua hata jina la mbwa wake. Vitenge vya sare ya harusi vya watu sitini ananunua Kariakoo, kwa jumla. Anayesema tajiri hafiki Kariakoo hajawahi kusimama Mtaa wa Kongo mwezi wa Desemba, akaona magari yanavyoviziana nafasi ya kuegesha.

Kariakoo yenyewe si ya maskini wala ya matajiri. Jina limetokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza, jengo la soko lilichorwa na Beda Amuli likafunguliwa 1975, na hata lilipoungua Julai 2021 mitaa inayolizunguka haikusimama. Ni mahali ambapo mzigo unatoka haraka kuliko popote nchini, na mzigo ukitoka haraka, bei inashuka. Tajiri naye anapenda bei.

6. Ni kweli watu wa Arusha wananunua Nairobi na wa Bukoba wananunua Kampala?

Ni kweli, na ni hesabu ya barabara tu. Kutoka Arusha hadi Nairobi ni kama kilomita 270, hadi Dar ni zaidi ya 600. Mtu anavuka mpaka wa Namanga asubuhi, anafanya manunuzi, anarudi kesho yake. Bukoba ndiyo zaidi: mpaka wa Mtukula uko karibu saa moja na nusu kwa gari, na Kampala haifiki hata robo ya safari ya Dar. Mama wa Bukoba anayetafuta gomesi nzuri, lile vazi la akina mama wa Uganda, hawezi kunipigia mimi, nami simlaumu.

Mpaka unafanya kazi pande zote mbili. Wazambia wanaingia Tunduma, na wafanyabiashara wa Lubumbashi na Lusaka wanakuja hadi Kariakoo. Kwao, Dar ndiyo "mjini" kama ilivyo kwa mtu wa Sumbawanga. Ukivusha bidhaa za kuuza, pitia forodha na utunze risiti. Mzigo wa kutumia nyumbani na mzigo wa biashara havitazamwi sawa.

7. Dodoma imekuwa makao makuu kweli. Mbona watumishi bado wananunua Dar?

Kwa sababu mishahara ilihamia kabla ya maduka. Serikali ilianza kuhamia kwa kasi 2016, Dodoma ikawa jiji Aprili 2018, na maelfu ya watu wenye ladha ya Dar wakajikuta kwenye mji ambao maduka yake yalikuwa ya ladha nyingine. Wengi waliacha familia Dar, kwa hiyo Ijumaa walishuka, Jumapili walipanda na mabegi yaliyojaa.

Reli mpya ya kisasa, SGR, ilipoanza kufika Dodoma Julai 2024, safari ikawa chini ya saa nne. Nilidhani ingeua wateja wangu wa huko. Walio na haraka ya kuona kwa macho wanashuka wenyewe, ni kweli. Ila wengine wameongeza oda kwa sababu wameonja. Wakati huo huo maduka ya Dodoma yanakua kila mwaka, maana sasa wateja wamefika idadi ile niliyoieleza swali la 2. Huu ndio mkoa pekee ambako nimeuona mpito huo kwa macho yangu, kuanzia mwanzo.

8. Geita na Kahama kuna dhahabu. Kwa nini hakuna maduka ya kifahari?

Dhahabu inatoka ardhini Geita, lakini mshahara mkubwa wa mgodini mara nyingi unalisha nyumba iliyoko Mwanza, Arusha au Dar. Mfanyakazi anafanya zamu, anapanda basi au ndege, anakwenda kununua kule familia ilipo. Mchimbaji mdogo akipata naye ananunua papo hapo, kwa kishindo, halafu anakaa miezi bila kununua. Muuzaji hawezi kulipa kodi ya fremu kwa mteja wa namna hiyo.

Anayefaidi ni Mwanza. Ina Rock City Mall kwa anayetaka kiyoyozi, ina Makoroboi kwa anayetaka jumla, ina Mlango Mmoja kwa mitumba. Kanda ya Ziwa nzima inaichukulia Mwanza kama sisi tunavyoichukulia Mbeya: kituo cha kwanza kabla ya kufikiria Dar.

9. Moshi mwezi wa Desemba bei zinapanda. Nani anazipandisha?

Wenyeji wenyewe wanaorudi. Wachaga wa Dar, Mwanza na ughaibuni wanapokwenda "kuhesabiwa" kwa ajili ya Krismasi, mkoa unajaa kwa wiki mbili watu wenye kipato cha jiji. Mbuzi, bia, hata nafasi ya saluni, vyote vinapanda. Muuzaji mzuri wa Moshi anaandaa Desemba kuanzia Septemba, na baadhi wananiambia mwezi huo ndio unaobeba miezi mitatu ya mwanzo wa mwaka.

10. Na msimu wa korosho Mtwara na Lindi?

Unafanana na Desemba ya Moshi, isipokuwa hela inaingia kwa mnada na malipo yakichelewa kila kitu kinachelewa. Malipo yakitoka, pikipiki, mabati na makochi yanakwenda. Mwenye mashamba makubwa anapanda basi kuja Dar. Mwenye mashamba ya kati ananunua Masasi au Mtwara mjini.

11. Zanzibar je?

Zanzibar wako tofauti kwa sababu bahari imewaunganisha na Uarabuni muda mrefu kuliko barabara zetu. Familia zenye uwezo zina ndugu Muscat na Dubai, na anayekwenda kuwaona au kwenda Umra hawezi kurudi mikono mitupu. Baibui, manukato, vyombo na dhahabu vinakuja kwa masanduku ya wageni. Soko la Darajani linabaki kwa matumizi ya kila siku. Miaka mingi watu wa bara nao wamevuka kwenda kununua televisheni na vifaa vya umeme Unguja, wakakutana na suala la kulipia tofauti ya kodi bandarini Dar.

## Bei na ubora

12. Kwa nini kitu kile kile ni ghali zaidi mkoani, mahali ambako watu wana hela kidogo?

Watu wanasema ni nauli. Nauli ni sehemu ndogo. Gharama kubwa ni mtaji kulala.

Tuseme blenda nzuri imenunuliwa Kariakoo kwa shilingi 150,000. Fremu ya Mtaa wa Aggrey inauza kumi kwa siku, kwa hiyo ikiweka elfu tano juu ya kila moja imeshalipa kijana na kodi. Fremu ya Sumbawanga inauza moja kwa miezi miwili. Hela ile ya 150,000 imekaa rafuni siku sitini, na pengine ilikopwa. Muuzaji akiweka elfu arobaini juu hajamwibia mtu, amelipia usingizi wa mzigo. Lakini mteja mwenye uwezo anaijua bei ya Dar, kwa sababu ana simu na ana ndugu. Anaona ameonewa, ananipigia mimi. Blenda ile ya pili inalala zaidi, na bei ya ya tatu inapanda. Nimeona maduka mazuri yakifa hivyo, na wenyewe walikuwa watu waaminifu.

13. Vipi kuhusu chakula?

Hapa mkoa unashinda, na watu wa Dar wanajua.

Tajiri wa Sumbawanga anakula migebuka iliyovuliwa Kasanga usiku wa jana, mchele wa bonde la Rukwa na maharage ya shambani kwake. Nikienda likizo narudi na madumu na mifuko kama mkimbizi, yote ni oda za wateja wa Mikocheni. Chakula kibichi kinakuwa kizuri pale kinapozalishwa, sio pale kinapouzwa ghali.

Kinachokosekana mkoani ni uchambuzi wa bei. Nilipokuwa mdogo, bucha la mtaani kwetu liliuza nyama yote bei moja: mbavu, paja, shingo, vyote kwenye mzani mmoja. Hakukuwa na wateja wa kutosha wa kulipia steki peke yake. Baba mmoja mwenye malori alikuwa anafika saa kumi na mbili kasoro, ng'ombe bado ananing'inizwa, ananyoosha kidole: "Hapa na hapa." Alikuwa analipa bei ile ile ya mama yangu aliyefika saa mbili akapewa mifupa. Mahali ambapo duka halimtenganishi tajiri kwa bei, anajitenganisha kwa kuwahi na kwa kujuana.

14. Wenye uwezo wananunua mitumba?

Sana, mikoa yote. Tofauti ni kwamba Dar wanapata grade ya kwanza, maana belo linafunguliwa mbele yao, au muuzaji anawapigia picha usiku ule ule. Mkoani linafika lililokwisha kuchambuliwa. Kwa hiyo mwanamke mwenye uwezo wa mkoani anayependa mtumba mzuri anaagiza Dar, na huyu ni mteja wangu mkubwa kuliko anayetaka nguo mpya.

## Kuagiza kutoka mbali

15. Nitajuaje sitatapeliwa?

Mimi mwenyewe nimelizwa. Mwaka wangu wa pili, mama mmoja wa Namanyere alitaka mapazia mazito ya rangi ya maziwa, dirisha sita. Winga, yaani dalali wa Kariakoo, alinipeleka fremu moja, nikagusa kitambaa, kizuri, nikalipa, nikaondoka niwahi mzigo mwingine nikiwaachia wafunge. Sikusimama kuangalia. Boksi lilifika Namanyere likiwa na kitambaa chepesi kinachoonyesha mtu ndani. Yule mama hakupiga kelele. Alinitumia picha tu, jua limepita kwenye pazia, na meza yake inaonekana upande wa pili. Nilirudisha hela yote kwa awamu tatu.

Tangu hapo mzigo unafungwa mbele yangu. Naandika jina na namba ya simu kwa maka peni pande mbili za boksi, napiga picha boksi likiwa wazi na likiwa limefungwa soltepu, na namtumia mteja pamoja na risiti ya basi. Wewe mteja dai hizo picha kwa yeyote unayemtuma. Mkubaliane bei ya kitu na posho yake mbali mbali, ili "cha juu" cha winga kisifichwe ndani ya bei. Na kama kitu ni cha zaidi ya laki tano, omba video ya dukani kabla hujalipa.

16. Siku hizi kila kitu kiko mtandaoni. Umbali bado una maana?

Una maana, ila umehama. Zamani umbali ulikuficha bidhaa. Sasa mtu wa Mpanda anaiona gauni dakika ile ile na mtu wa Sinza. Pesa inatumwa kwa simu kwa sekunde. Umbali umebaki kwenye kugusa, kujaribu na kurudisha. Mtu wa Sinza kiatu kikimbana anarudisha kwa boda jioni. Wa Mpanda anahesabu nauli mara mbili na wiki nzima, halafu anampa mdogo wake. Ndiyo maana oda za mbali ni nyingi kwenye vyombo, vipodozi na vitambaa, na chache kwenye viatu na suti.

## Maswali magumu

17. Mwenye uwezo akinunua nje, anaumiza mkoa wake?

Kwa sehemu ndiyo, na nasema hivi nikijua kwamba ndiyo kazi inayonilisha.

Nitakupa mfano unaoniuma. Mninga unakatwa misitu ya Katavi na Tabora. Mbao zinapakiwa lori hadi Dar, zinashushwa Keko, fundi anatengeneza meza ya chakula ya viti sita. Mteja wangu wa Sumbawanga anaona picha, anaipenda, ananituma. Natafuta lori linalorudi tupu, naifunga kwa magodoro, nairudisha. Meza imepita karibu na nyumba ya mwenyewe mara mbili. Hela ya fundi imebaki Keko, hela ya msasa na vanishi imebaki Keko, na kijana ambaye angejifunza kazi hiyo Sumbawanga anaendesha bodaboda.

Sio kwamba mteja ni mbaya. Alijaribu fundi wa kwao mara mbili, na droo haikufunga. Fundi naye hapati meza nzuri za kutosha kwa mwaka ili mkono wake uzoee, kwa sababu wanaoweza kuzilipia wanaagiza Dar. Miaka mitatu iliyopita niliacha kuchukua posho kwenye samani za mninga. Anayeniomba nampa namba ya fundi wawili wa Sumbawanga niliowaona kazi yao, na ninatuma bawaba na reli za droo kutoka hapa, kwa sababu hizo ndizo zilizokuwa zinawaangusha. Wateja saba wamekubali. Wanne wamerudi kwa meza ya pili.

18. Mbona hata supamaketi kubwa za nje zimeshindwa?

Zilihesabu watu, hazikuhesabu mazoea. Shoprite iliuza maduka yake Tanzania kwa Nakumatt mwaka 2014. Uchumi ilifunga 2015. Nakumatt yenyewe ikaanguka muda mfupi baadaye, na Game ikaondoka 2022. Kila moja ilikuwa na matatizo yake ya ndani, madeni hasa. Ila zote zilitegemea mteja wa Dar ahamishie kikapu chake chote kwao, na kama nilivyoeleza swali la 5, mteja huyo anachanganya. Kama Dar ilikuwa hivyo, mkoani usijaribu duka la ukubwa ule.

19. Kenya nako ni hivi hivi?

Mzizi ni ule ule. Waraka wa sera Nambari 10 wa mwaka 1965 ulisema fedha za maendeleo ziwekwe pale zitakapozaa zaidi, na kwa vitendo ikawa ni maeneo ya reli na mashamba makubwa. Kaskazini ikaachwa. Leo Nairobi inatoa zaidi ya robo ya pato la nchi, na mfanyabiashara wa mifugo wa Wajir au Mandera mwenye hela nyingi anakwenda kuzitumia Eastleigh, ambako Wasomali walijenga soko kubwa kuanzia miaka ya tisini.

Kinachonipa moyo upande wao ni Nakuru. Nakumatt, Tuskys, Naivas na Quickmart zote zilianzia huko, sio Nairobi. Mji wa kati, wenye wakulima na wafanyakazi wengi wa kipato cha wastani, ulitosha kulea duka hadi likawa na nguvu ya kwenda mji mkuu.

20. Nataka kufungua duka la bidhaa nzuri mkoani kwetu. Nianzie wapi?

Usianze na fremu. Anza na daftari. Andika majina ya watu wenye uwezo unaowajua, na mbele ya kila jina andika walichoagiza Dar mwaka uliopita. Wengi watakuambia ukiwauliza vizuri. Kitu kinachojirudia kwa watu thelathini ndicho cha kuweka, na kwa miji kama yetu mara nyingi huwa ni mashuka mazuri, vyombo vya wageni, nguo za watoto za sikukuu na vipodozi halisi. Vinavyoharibika na vyenye saizi nyingi viache kwanza, kwa sababu ya swali la 12 na la 16.

Hakikisha nusu ya rafu ni vitu ambavyo mwalimu na nesi wanamudu. Hao ndio watakaolipa kodi ya fremu mwezi wa Machi, wakati wenye malori wako safarini. Vya ghali weka kimoja kimoja, cha kuonyesha, na chukua oda kwa malipo ya nusu. Bei yako iwe juu ya Kariakoo kwa kiasi unachoweza kumweleza mteja uso kwa uso: nauli kiasi hiki, na ukirudisha ndani ya wiki napokea. Huko kurudisha ndiko mimi wa Dar nisikoweza kumpa.

21. Nimestaafu, narudi nyumbani na ladha ya Dar. Nitaishije?

Mwaka wa kwanza utaagiza kila kitu, hadi mafuta ya kupikia. Wateja wangu wastaafu wote hufanya hivyo. Mwaka wa pili oda zinabaki dawa za presha, miwani na majani ya chai ya aina fulani. Mwaka wa tatu wananipigia kuniuliza kama kuna mtu Dar anahitaji mchele.